Kisima cha Katikati ya Bahari

Mutisya ndugu yangu,

Hamjambo huko Katelembo? Mimi huku Malindi nimechimba kisima katikati ya bahari, na maji yake ni matamu kuliko ya kisima chako!

Haya, huo ni uongo. Wakwe wa binti yangu Mbithe walitupeleka kwa kisiwa cha mchanga mtupu, kile hutokea maji yakipwa. Kuona mchanga, mikono ikaniwasha. Nikawaambia mchanga huchuja chumvi, nikachimba vile sisi huchimba mtoni wakati wa kiangazi. Maji yakaja. Nikaonja: chumvi, nusura nitapike! Lakini wote walikuwa wananitazama, nikasema, "Matamu!"

Mama mkwe wa Mbithe akakinga kiganja. "Kweli, mkwe?"

"Kunywa, mama."

Akanywa yote, akameza, akanitazama. "Ahsante, mkwe. Yamepoa."

Hakuniaibisha mbele ya watu. Tangu jana siwezi kumwangalia machoni, na yeye anazidi kuniongezea samaki.

Cheka ukimaliza, mzee, na Mungu akutunze. Halafu ile chupa ya asali uliniahidi nilipokuchimbia kisima chako, mpe mke wangu anayekuja huku Jumamosi. Nataka huyu mama aonje kitu kitamu cha kweli.

Kaka yako,
Nzioka