Kidude Ulichomtumia Babu Yako

Nyumba ya Bwana Athman,
Mtaa wa Mkomani,
Lamu.
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Idarus,

Salaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo mwanangu? Waendeleaje na joto la Doha, na kifua chako, na hao mabwana wako wa kazi wasiokupa hata siku moja ya kulaza mbavu? Mimi naendelea, alhamdulillahi. Chakula chapita, usingizi waja kwa kubembelezwa, na magoti ndiyo yale yale uliyoyaacha.

Anayeshika kalamu ni jirani yetu Mwanamkisi, yule aliyekuwa akisomesha watoto chuoni. Bibi yako hakupelekwa skuli, walijua wangepata tabu. Mwanamkisi aandika Kiswahili cha vitabu na mimi nimemwachia, ila maneno yaliyosemwa kwa kinywa nimemwambia ayaweke kikwetu kama yalivyotoka. Ameapa kwamba atakayoyasikia hapa hayatavuka mlango. Yakivuka, najua anakokaa. Ni ukuta kwa ukuta.

Picha uliyotuma nimeiona. Umekonda. Usiniambie ni mazoezi. Mtu hakondi shingo kwa mazoezi. Kula, na huyo Hamdu mnayekaa naye chumba kimoja mwambie nimesema mpike wali, muache mikate ya kununua.

Hapa nyumbani leo ni siku ya arobaini ya babu yako. Khitma imesomwa asubuhi, wanaume wamejaa dakani, kwenye baraza za mlangoni, mpaka njiani, na mamako Alawiya amepika tangu alfajiri, hakukaa. Mimi ni ndani ya eda, sitoki, mpaka Shaabani. Nimehamia chumba cha juu, kitandani kwa babu yako, upande wake. Upande wangu umenishinda kuulalia.

Sasa nije kwenye jambo. Ijumaa iliyopita uliniuliza kwa simu: babu alikifurahia kile kidude? Nami nikakwambia simu yaisha chaji. Haikuwa yaisha. Nilikuwa sina uso wa kukujibu, na simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Ndiyo maana naandika. Barua ataibeba Bwana Mselem, arudi kazini huko juma hili, na ndiye yule yule aliyekileta kidude.

Idarus, kidude kilipofika mimi nilikificha. Uliponiuliza nikakwambia mzigo wa Bwana Mselem umechelewa Mombasa. Ulikuwa haujachelewa. Ulikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya buibui za Idi, na ulikaa humo siku kumi na mbili.

Wewe wajua babu yako alivyokuwa tangu kile kiharusi cha Ramadhani. Mkono wa kulia umekufa, ulimi umekufa, mtu aliyekuwa akisimulia mpaka chai inapoa. Tulimpandisha chumba cha juu apate upepo, redio yake kubwa ikabaki chini msanani, tunapokaa na wageni. Ami yako Shukri alimnunulia nyingine ndogo ya kuweka kando ya mto. Akaiangalia kama mtu aliyeletewa mwana si wake, akageuza uso. Alitaka ile yake kubwa, na sauti yake ilipanda ngazi vizuri. Tabu ilikuwa kuitawala. Rimoti haioni kupita ukuta, na kuta hizi wajua unene wake.

Basi akawa na bakora. Akigonga sakafu mara moja, niongeze sauti. Mara mbili, nipunguze. Mara tatu, ndoo, yaani njoo mwenyewe. Mchana kutwa nilikuwa mimi ndiye rimoti. Nilimtukana, usidhani nilikuwa malaika. Nilimwambia, "Mimi si mtumwa wa redio yako." Na siku moja redio ikilia mpaka vyombo vyatetemeka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nilipanda nikamwambia, "Ukigonga na redio iko yuu hivi, sisikii. Usinilaumu." Akaitikia kwa kichwa. Hilo lishike, nitalirudia.

Lakini mwanangu, nikikwambia ukweli, zile gongo za bakora sakafuni ndizo zilizokuwa mazungumzo yetu. Miaka hamsini na miwili mtu aongea nawe, kisha anyamaze ghafla. Kilichobaki ni bakora. Wewe ukaja na kidude cha kumwezesha kujiongezea na kujipunguzia mwenyewe, ili bibi apumzike. Nani alikwambia nataka kupumzika? Nikajisemea, akikipata hicho hatanigongea tena. Nikakificha.

Kilichonitoa kwenye ule ubahili ni hiki. Alasiri moja nilipanda na uji, nikamkuta ameishika ile rimoti ya zamani kwa mkono wa kushoto, ameielekeza ukutani, abonyeza. Abonyeza na ukuta wamtazama. Hakuniona. Niliweka uji chini nikateremka, nikafungua sanduku.

Fundi aliyekuja ni Austin, wa madishi, mtu mzima wa bara mwenye mvi kidevuni. Alinieleza kwa subira. Kile kiboksi cheusi chenye pembe chakaa chini karibu na redio. Kina nyaya mbili, na ncha ya kila waya ina kijicho. Kimoja chabandikwa usoni mwa redio, kimoja usoni mwa tivii. Babu yako akibonyeza kile cha mkononi kule juu, mawimbi yapita ukutani, kiboksi chayapokea, kisha vile vijicho ndivyo vyaiambia redio. Yaani sikio moja na macho mawili. Nikamwambia nimeelewa, asinisomeshe. Alitaka kutoboa plasta ya zidaka apitishe waya. Nikamwambia akitoboa pale nitamtoboa yeye. Akacheka, akapitisha kwa tundu la taa.

Akakijaribu, kikafanya kazi, akaenda zake. Nami nikafanya la kwetu. Kitu cha thamani nyumba hii hakiachwi wazi kila mgeni akitie jicho. Nikakiingiza kiboksi kwenye kidaka, nikakisimamishia mbele lile sinia la shaba la marehemu mamangu. Vile vijicho navyo nikavifunika kitambaa cha kudarizi, visiingie vumbi. Pakapendeza.

Asubuhi yake babu yako abonyeza kidude, kitaa chekundu chawaka, redio kimya. Abonyeza tena. Mwisho akakiweka kifuani akachukua bakora, akagonga mara moja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipanda zile ngazi nina furaha. Furaha ile ilinikaa mpaka adhuhuri. Kisha nikamtazama uso, nikamwita Austin mwenyewe.

Austin alipoliona sinia alikaa chini akashika kichwa. "Mama, umefungia sikio nyuma ya shaba," akasema, "na macho umeyavisha shela." Akaondoa vyote viwili. Redio ikapaa hapo hapo bila ya mimi kuinuka, na kule juu nikasikia sauti ya babu yako. Si neno. Ni kile kicheko chake cha nusu mdomo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alikuwa nacho siku mbili.

Siku mbili hizo alikuwa kama mwana siku ya Idi. Adhana ikianza, yeye azima kabla ya mtu kukohoa. Kasida niipendayo ikipigwa, aipandisha, ajua niko jikoni. Jumanne alasiri Mwanamkisi alikaa nami msanani twasema watu kidogo. Kila tukifika mahali patamu, redio yapanda. Tukinyamaza, yashuka. Mwanamkisi akapiga kelele kuelekea ngazini, "Bwana Athman, twakuona!" Hapa aandika na kamasi zamtoka. Nimemwambia apanguse, asinilowanishie karatasi.

Na mimi niliyeogopa kwamba hatanigongea tena? Alinigongea zaidi. Moja na mbili zilikwisha, ikabaki tatu tu. Jumatano ile asubuhi aliniita mara tatu. Mara ya kwanza mto. Mara ya pili akanionyesha kidude kana kwamba sijawahi kukiona. Mara ya tatu hakuwa na haja yoyote. Alipigapiga godoro kwa ule mkono wake mzima, nikae. Nilikaa tako moja, roho iko jikoni. Akanishika kidole hiki cha shahada. Nikajichopoa, nikateremka.

Wali ulikuwa wakauka, nimeuwekea makaa juu. Redio yalia, si kubwa si ndogo. Nikaisikia yashuka. Yashuka polepole, hatua kwa hatua, mpaka ikafa kabisa. Haikuwa adhana. Kisha sakafu ikagongwa. Mara tatu.

Nikamjibu kutoka jikoni, kwa sauti ya kumfikia: "Nimetoka huko yuu sasa hivi. Mtele wangu u motoni. Una dude lako mkononi, teza nalo."

Kisha nikasikia gongo moja, nzito kidogo.

Moja ni ongeza, sivyo? Nikajisemea, huyu mzee amerudi kwenye bakora kwa kunitania. Nikaenda msanani kwa mkono wangu nikaifungulia redio, nikaipandisha mpaka juu. Nikasema, haya, sikiliza ushibe. Nikarudi kwa wali wangu.

Nilipopanda na sahani, bakora ilikuwa sakafuni. Ile gongo moja, Idarus, ilikuwa bakora yamtoka mkononi.

Shukri na mamako walipokuja mbio waliikuta redio yalia, na kidude kiko juu ya shuka karibu na vidole vyake. Wakasema, alhamdulillahi, amekwenda asikiliza, raha mustarehe, Mungu ambariki Idarus. Watu wote wa matanga wakalichukua neno hilo. Wewe mwenyewe ukaniambia kwa simu kwamba hilo ndilo likupalo usingizi, maana hukuwahi hata kushika jeneza. Nami nikanyamaza. Siku arobaini nimenyamaza, na kila akutajaye kwa wema nahisi ameniwekea kaa mkononi.

Hakwenda asikiliza, mwanangu. Aliizima. Mimi ndimi niliyemwambia redio ikiwa juu sisikii bakora, naye akalishika neno langu. Alikitumia kidude chako kunyamazisha nyumba nzima ili nimsikie mimi. Na nilimsikia. Hilo ndilo linalonila. Kama singesikia ningesema shaba, ningesema ukuta. Nilimsikia vizuri sana.

Mwanamkisi ameweka kalamu chini mara mbili kuniambia kwamba ni siku yake ilifika, na kwamba hata ningepanda nisingemzuilia malaika mlango. Najua. Sijauliza habari za malaika. Nauliza habari za kidole changu, ambacho angekuwa amekishika.

Kwa hivyo jibu la swali lako ni hili. Alikifurahia. Kilifanya kazi mpaka mwisho, na hukukosea kitu. Zile siku kumi na mbili za sandukuni ni zangu, na zile gongo tatu ni zangu. Wewe usichukue hata moja. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki. Ila usinikasirikie kwa kunyamaza. Kunyamaza nimekwisha kupewa.

Shukri ataka kumleta Austin akifungue kidude, yeye akichukue kwake, asema hapa chaniumiza. Nimemwambia akikigusa nitasahau kwamba nilimzaa. Chaniumiza, kweli. Nalala nacho. Kukipambazuka nabonyeza, redio yaitika kule chini katika nyumba tupu. Nabonyeza tena yashuka, yashuka mpaka yafa. Kisha nasikiliza sakafu.

Umesema likizo yako ni Shaabani. Eda yangu yaisha Shaabani. Njoo. Usitume kitu kingine, hata manukato. Na ukifika usipige simu kutoka gatini, wala usiite hodi dakani kama mgeni. Bakora ya babu yako nitaitundika pale chini ya ngazi. Ichukue, ugonge kidato cha kwanza mara tatu. Hata kama chungu chaungua na moto washika paa, nitakuja.

Mamako Alawiya akusalimu, asema nguo ya baridi uliyomwachia imekuwa ya paka. Ami yako Shukri akusalimu, naye nimemsamehe tangu jana. Mwanamkisi akupa salamu kwa mkono wake mwenyewe. Nawe nisalimie Hamdu, na mama yake akipiga simu.

Mungu akuweke mahali penye kivuli, akufungulie riziki isiyokutenga na watu wako, akurudishe ukiwa mzima kama ulivyotoka. Na babu yako Mungu amlaze pema, amuitikie yeye kila agongapo.

Ni mimi nikupendaye kuliko niwezavyo kumtajia mtu wa kalamu,

Bibi yako,
Tima wa Athman

(Hapa nimetia dole gumba langu, ujue ni mimi.)