Namba Kumi na Tisa

Jumapili, 9 Juni 2013

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya mto. Hujambo? Na mwanao Wes hajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linalosumbua, na kazi ghalani haijapungua.

Najua unashangaa kupata barua yenye stempu kutoka kwa mtu anayekaa mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Lakini nimepiga simu siku tisa, hupokei. Juzi nilipita kwako, gari liko nje, nikagonga. Pazia likatikisika, mlango haukufunguka. Haya, ujumbe nimeupata. Ndiyo maana naandika.

Ni kwa sababu ya ile orodha ya timu ya mpira isiyo na Wes, najua. Lorna, timu ya kati unaijua ilivyo. Siyo ligi ya burudani, ambako kila mtoto lazima acheze nusu ya mechi hata kama kazi yake ni kuchuma maua golini. Wala siyo ile klabu kubwa yenye makocha wa mshahara na safari za Chicago. Sisi tuko katikati. Kwenye majaribio walikuja watoto thelathini na moja, nafasi ni kumi na sita. Kila mtoto alibandikwa namba kifuani, na wapimaji watatu kutoka mji mwingine wakatoa alama bila kujua jina la mtu. Kocha haruhusiwi kumpa ndugu yake alama hata moja, na mimi sikumpa.

Wes nimemfundisha mpira miaka sita, tangu akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Unadhani mimi sikuumia? Mwambie arudi ligi ya burudani msimu huu, acheze, afurahi, mwakani ajaribu tena. Ana miaka kumi na miwili tu.

Na ukinikasirikia, nikasirikie mezani. Nimechoka kula soseji za kopo.

Kaka yako,
Darrell


Jumamosi, 15 Juni 2013

Kaka Darrell,

Salamu. Hatujambo. Pole na goti.

Barua pepe ya klabu ilikuja saa mbili usiku. Wes alikuwa amekaa mbele ya kompyuta tangu saa kumi, hata chakula alikataa. Walituma namba zilizochukuliwa tu. Alizisoma mara tatu kutafuta kumi na tisa. Halafu akaniuliza, "Mama, labda wameiruka kwa bahati mbaya?" Nikamwambia ngoja nipige simu niulize. Nilipiga, Darrell. Nilijifanya mjinga mbele ya yule mwanamke wa ofisini ili mwanangu apate dakika tano zaidi za matumaini.

Baba yake alipohamia Texas hakuaga. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha baiskeli, kunyoa nyasi, kusimama wima anaposalimia watu. Sasa nina swali moja, nalo sitalirudia. Siku ile ya kuchagua timu, ulikuwa na neno lolote katika kumwacha Wes? Nijibu ndiyo au hapana. Ukisema hapana, nitakuamini, na Jumapili uje ule.

Dada yako,
Lorna


Jumatatu, 17 Juni 2013

Mpendwa Lorna,

Salamu, natumaini nyote wazima.

Hapana.

Nitakuja Jumapili. Nitaleta mahindi mabichi na ile sharubati nyekundu anayoipenda Wes.

Kaka yako,
Darrell


Jumapili, 29 Septemba 2013

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Wes pia. Leo sikuja kula. Nilikwambia nina mafua. Sina mafua.

Jana nilikwenda kumtazama Wes akicheza. Wewe ulikuwa kazini. Ilikuwa ile Jumamosi ya Kimya, ya kutuzuia kuwapigia watoto kelele, wazazi wote tukapewa pipi ya kijiti tutie mdomoni, na atakayepaza sauti anatolewa uwanjani. Tumekaa na viti vyetu vya kukunja, watu wazima arobaini, tunanyonya pipi kama watoto wa chekechea. Unasikia mpira tu na pumzi za watoto.

Wes alipata mpira mara nne nzuri kabisa. Mara zote nne aliutoa haraka, kama unamchoma. Kila akiutoa alinitazama. Mtoto aliyekuwa akipita watu watatu kwa mguu wa kushoto! Nikamngoja baada ya mechi. Nikamwuliza, "We vipi, mbona unaukimbia mpira?" Akasema, "Mjomba, siku hizi najijua." Nikasema unajijua nini. Akasema, "Wale wapimaji watatu hawakunijua hata jina. Hawana chuki na mimi. Wameangalia tu, wakaona siwezi. Wewe na mama mnanisifu kwa sababu ni mama na mjomba." Halafu akasema akimaliza msimu huu anaacha. Hakulia. Alikuwa anakula vipande vyake vya chungwa huku anaongea, ametulia tu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Lorna, wale wapimaji hawakumkataa. Alama zilipojumlishwa, nafasi ya kumi na sita iligongana. Namba kumi na tisa na namba saba, wote alama thelathini na nane. Mkuu wa makocha akanisogezea karatasi, akasema, "Timu ni yako, Darrell, chagua." Nilijua kumi na tisa ni Wes. Nilijua saba ni Colton, mtoto mzuri, hana kosa lolote, ila Wes anamzidi. Kila mtu pale alijua anamzidi. Nikasema saba.

Unakumbuka mwaka juzi yule kocha aliyemchukua binti yake kwenye timu? Tulimsema msimu mzima kwenye maegesho ya magari. Mimi nilikuwa wa kwanza kumsema. Nikaona zamu yangu inakuja, nikaogopa midomo ya watu. Ningerusha sarafu ingekuwa haki zaidi. Nilimwacha mtoto wetu ili nionekane mtu wa haki, makocha wenzangu wakanipongeza kwa kunipigapiga begani. Kisha ukaniuliza, nikakujibu hapana.

Naona aibu. Nakupenda wewe na nampenda Wes. Ukitaka nimwambie mwenyewe, nitakuja. Ukitaka nisije, sitakuja.

Kaka yako,
Darrell


Jumapili, 16 Februari 2014

Darrell,

Hatujambo. Theluji imefika madirishani.

Barua zako nyingine tatu nimezipata, na ile kadi ya Krismasi. Sikuzifungua. Ile ya Septemba niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni.

Kuchagua ulivyochagua naweza kukusamehe, nadhani. Wewe umekuwa mwoga wa midomo ya watu tangu tukiwa shule. Lakini Jumapili kumi na nne, kaka. Ulikaa kwenye kiti changu, ukala viazi vyangu, ukamwona mtoto anapungua mbele ya macho yako, na ukaomba uongezewe mchuzi.

Nilifikiri nimfiche Wes. Halafu nikaona wawili tukimdanganya atabaki na nani? Nikampa barua yako. Aliisoma yote. Nilingoja alie, atukane, avunje kitu. Akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa na thelathini na nane?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Sawa na Colton?" Nikasema sawa na Colton. Akavaa koti akatoka. Tangu siku ile anapiga mpira kwenye mlango wa gereji kila jioni, mpaka mlango umebonyea na jirani amekuja mara mbili. Sijamkataza.

Juu yako hasemi kitu. Picha yenu ya ziwani ameitoa ukutani, ila hakuitupa, iko kwenye droo ya soksi. Niliiona nikipanga nguo.

Jana ameniuliza majaribio ya mwaka huu ni lini. Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize mjomba." Ndiyo mara ya kwanza amekutaja. Basi nakuuliza. Niandikie siku, saa na mahali. Usiweke salamu, usiombe radhi, usiulize habari zetu. Siko tayari.

Lorna


Jumamosi, tarehe 7 Juni, saa tatu asubuhi, uwanja wa nyuma ya shule. Mwaka huu si mimi kocha, niliomba nitolewe. Aje na maji.

Mjomba wake