Chumvi Kidogo Kidogo

Neema mdogo wangu,

Huku Karatu ukungu hauondoki mpaka saa nne. Leo njiani kwenda Ngorongoro nimemkuta mama wa Kimaasai akiwawekea ng'ombe chumvi kidogo kidogo mlangoni mwa zizi, nao wakitoka mmoja mmoja.

"Ukimwaga yote watatoka wakisukumana," akaniambia. "Nitamjuaje mgonjwa?"

Nikakumbuka kingamwili zetu kule maabara, zinavyonata ndani ya bomba la kuzitenganishia kwa chaji zake za umeme, chumvi ikizitoa aina moja baada ya nyingine. Siku ile zilipotoka zote pamoja, nilisema wewe ndiye uliyeharibu sampuli. Kumbe chumvi niliimwaga mimi, yote mara moja, kwa haraka. Jumatatu nitamwambia mkuu wa maabara mimi mwenyewe.

Nakuletea vitunguu vya hukuhuku, vya Baray. Ile barua yako ya kuacha kazi, ichane.

Dada Rehema