Ujumbe Wote Ulikwenda Nanyamba

Dada Zainabu,

Wamejaribu kukuzika mara ya pili, nami nimekataa.

Unaikumbuka programu uliyokiandikia chama cha ushirika, ile ya kuwatumia wakulima ujumbe wa simu kuwaambia wapeleke korosho ghala gani. Ulipoiandika ghala lilikuwa moja tu, la Msimbati, na haikukosea hata siku moja. Msimu huu wakaongeza Ziwani, kisha Nanyamba. Siku ya kwanza tu, kila mkulima akaambiwa aende Nanyamba. Watu wa Msimbati wakapakia magunia kwenye pikipiki, wakapanda bara na jua lile, wakafika kwenye ghala lisilo na majina yao. Bibi Mwanahawa, mmoja wao, akaja mpaka kwetu Mikindani akilia kwa hasira.

Kwenye kikao cha chama mwenyekiti akasema, "Programu ya marehemu ifutwe. Mwenyewe hayupo, nani ataielewa?"

Nikasimama. "Mdogo wake yupo. Nipeni mpaka Ijumaa."

Nikaisoma mstari kwa mstari, nikilia, nikikutukana kidogo. Kosa nikalikuta. Lupu yako, ule mzunguko wa kurudia amri, inapita kwenye majina ya maghala, na kwa kila jina inaunda fanksheni, kijisehemu cha programu cha kutuma ujumbe. Lakini fanksheni zile hazikushika jina wakati zinaundwa. Zilingoja mpaka ziitwe, ndipo zikauliza ni ghala gani. Kufikia hapo lupu ilishamaliza, jina lililobaki ni la mwisho, Nanyamba. Zote zikasema hilohilo. Ghala lilipokuwa moja, nani angeona?

Nikaipa kila fanksheni jina lake palepale inapoundwa. Ijumaa, mbele yao wote, nikatuma. Simu ya Bibi Mwanahawa ikalia, akasoma kwa sauti: "Msimbati." Mwenyekiti akakohoa, akasema haya, iendelee. Sikumshukuru.

Kosa lilikuwa lako, nakubali. Lakini wewe ulikuwa unakosea huku unacheka, unafuta, unaandika tena. Ulizoea kuniita, "Sogea, tazama nilivyojidanganya." Hili hukupewa muda wa kulifuta. Nimelifuta mimi.

Kwaheri, dada yangu. Msimu ujao naongeza ujumbe wa sauti kwa Kimakonde, kwa wasiojua kusoma. Mwenyekiti anasema haiwezekani. Nakuahidi, atausikia kwenye simu yake mwenyewe.

Mdogo wako,
Rehema