Landero Haikuwa Hivi

Jumanne, 6 Mei 2025

Eva amerudi Dar leo. Kaniachia chupa mpya ya Landero, pafyumu ya baba yake. Eti nikimkumbuka baba yake nipulizie kidogo kwenye mto. Mtoto ana moyo mzuri. Nimepulizia. Chumba kimenuka kama mapokezi ya hoteli.

Humphrey mwenyewe alishasema — wameiharibu! Tulipooana, 2006, Landero ilikuwa na kifuniko cha kijani. Akikukumbatia asubuhi, mpaka jioni yumo kwenye kanga yako. Baadaye wakabadili boksi. Akanusa, akasema wameipunguza. Kisha kikaja kifuniko cheusi. Hapo alikuwa anajipulizia mpaka shati linalowa, na akifika stendi hanuki kitu. Kila chupa analalamika, ikiisha ananunua nyingine. Ukimwambia ahamie pafyumu nyingine, anakutazama kana kwamba umemwambia ahame dini.

Tangu tumzike sijalia. Mawifi wanasema mimi ni jiwe. Siwalaumu, hata mimi najishangaa.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ya manyunyu. Nimefungua duka, nimeuza mchele, nimefunga. Nimekula. Basi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepanga kabati. Nyuma kabisa — koti lake la harusi, la kahawia. Kitambi kilimkataza kulivaa miaka mingi, na halijafuliwa. Mfuko wa ndani una doa, pale chupa ya kifuniko cha kijani ilipomvujia. Nikaingiza pua. Landero! Ya zamani, yenyewe! Nikakaa kitandani nikangoja nilie.

Hakuna. Ni kama ganzi ya daktari wa meno. Jino unajua lipo, hulisikii.

Nikalibeba hadi kwa Yahaya, yule anayeuza pafyumu za kupima pale sokoni. Akanusa koti, akanusa chupa ya Eva, akakunja uso. Anasema hizi zimebaki jina tu. Ya zamani ilikuwa na kitu kinachotoka kwenye magome ya miti, huko Ulaya wamekibana kwa kuwa kinawasha watu ngozi. Nikamwomba anichanganyie ile ya zamani. Akajaribu, akajaribu tena, mwisho akafunga vichupa vyake.

"Mama Eva, nitakudanganya bure. Hilo koti usilifue tu."

Usilifue! Na Jumamosi ijayo tunapanda Ugweno, milimani kwa kina Humphrey, kugawa nguo za marehemu. Kwao nguo ya marehemu haipewi mtu bila kufuliwa kwanza. Na koti limeshasemewa tangu msibani, ni la Gadiel, mdogo wake.

Jumatano, 14 Mei

Nimelificha! Stoo ya duka, chini kabisa ya pipa la bluu, na juu yake mchele wa Ndungu mpaka shingoni. Mchele hunyonya unyevu — watu hata simu iliyolowa huifukia humo. Ukungu wa masika hautaligusa. Nimejiona mjanja, nikakaribia kucheka.

Jumamosi, 17 Mei. Ugweno

Ukungu, matope, bodaboda zinateleza. Mawifi wamefua tangu alfajiri. Mashati yake yameanikwa juu ya mibuni, yananuka sabuni ya unga na moshi wa jikoni. Nilikuwa nayatazama kama nguo za mtu nisiyemjua.

Mama mkwe akauliza, lile koti la harusi liko wapi? Nikasema liko kwa fundi, linabanwa vifungo. Uongo ulitoka laini kabisa, mbele ya mchungaji! Gadiel akasema hamna neno, shemeji, atalifuata kwangu Same Ijumaa, Jumamosi ana harusi ya rafiki yake.

Nikamuaga mama mkwe. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Lia, mwanangu." Nataka. Nataka sana! Nikamwambia nitalia, mama, kama mtu anayeahidi kuleta sukari.

Jumatatu, 19 Mei

Duka. Wateja wengi leo. Nilikuwa napima tu, mikono yenyewe inafanya kazi.

Alhamisi, 22 Mei

Mama Ummy, mteja wangu, kaja dukani na mfuko, amefura. Alinunua mchele Jumatatu kwa ajili ya wageni. Wageni wameonja pilau, wakaweka vijiko chini.

"Mchele gani huu, Mama Eva? Wananiuliza kama nimepikia ndani ya begi la bwana harusi!"

Nikasimama. Jumatatu nilichota pipa lipi? Nikakimbilia stoo. Pipa la bluu limebaki nusu. Nimechota mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikawapimia watu! Nikalivuta koti. Mfuko wa ndani, doa lipo. Nikaingiza pua — mchele. Kwapani — mchele. Kola — mchele. Umenyonya unyevu, umenyonya na yeye.

Nimemrudishia Mama Ummy hela yake nikabaki na mfuko. Nilipounusa mbichi sikupata kitu. Labda pua yangu nayo imekufa. Humphrey ameliwa Same nzima na mimi sijaonja.

Ijumaa, 23 Mei

Sikufungua duka. Koti liko juu ya kiti, limekunjwa. Gadiel alichukue, sasa ni koti tu.

Mchele wa Mama Ummy uko jikoni. Nimeubandika bila nazi, bila kitunguu, maji na chumvi peke yake. Naandika hapa hapa, kwenye kigoda, daftari gotini. Chupa ya Eva nimeitupa.

Maji yameanza kuchemka. Hakuna kitu. Harufu ya wali.

Nje kuna bodaboda imezima. Gadiel huyo. Anabisha hodi. Ngoja kwanza.

Kifuniko kinacheza. Nimekifunua —

Ni kijani! Ni yule wa kifuniko cha kijani, yule wa 2006, amejaa jikoni, yuko kwenye kanga yangu, yuko kwenye nywele —

Hodi tena. "Shemeji, upo?"

Nimesema karibu. Siinuki. Karatasi inalowa, wino unatembea, na wali utaungua, sijui