Baba Yangu Ndiye Bawabu, na Filamu Haifutwi

Jumapili, alasiri. Joto limetuama uani, hakuna hata jani linalotikisika, na mimi nimekasirika. Naandika sasa hivi kwa makusudi, kabla hasira haijashuka, maana nikishapoa nitaanza kuandika kwa adabu.

Kaka yangu anataka niifute filamu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mshonaji, nina duka dogo Magongo, huku pwani, na rafiki yangu Nuru hupiga picha za harusi. Siku ambazo hakuna harusi, kamera yake ni yetu sote. Tumeshavuka miaka thelathini, na tunatengeneza filamu za mashujaa wa michezo ya video. Ndiyo. Wanawake wazima na mitandio yetu, tukikimbizana na panga za mbao kando ya mikoko. Jirani mmoja alishawahi kuniuliza kama kuna dawa ninazotumia.

Filamu hii imetokana na mchezo tunaoupenda tangu shule ya upili, nao mchezo ulitokana na kitabu cha katuni cha ng'ambo. Jina silitaji, wenye mali yao wasije wakatushukia. Inatosha kujua kwamba kuna mji wenye ukuta, na langoni kuna mlinzi mzee ambaye mimi na Nuru twamwita Bawabu. Bawabu hasemi neno, tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono wake mmoja haufanyi kazi. Kila jeshi linalokuja sharti limpite yeye, na hakuna linalompita. Katika mchezo wenyewe haonekani hata dakika mbili. Sisi tukaona anastahili filamu nzima.

Bawabu wetu ni Baba.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Changamwe. Milango na madirisha mangapi ya huku Jomvu Kuu yametoka mikononi mwake, mwenyewe hajui. Alikuwa na sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na mtu hakupita barazani bila kutaniwa. Miaka miwili iliyopita akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, na maneno yakabaki machache mno: ndiyo, la, maji, mimi, na jina la marehemu mama. Tangu siku hiyo akawa wa kukaa kitini na kutazama ukuta. Wageni wakija, wananiuliza mimi hali yake, na mwenyewe amekaa pale pale mbele yao.

Hilo lilikuwa likinichoma kila mara, na kila mara nilikuwa nikiwajibu. "Hajambo kidogo, alhamdulillahi." Nikimjibia kama mtoto mchanga.

Sasa siku moja mimi na Nuru tulikuwa uani tukipaka rangi kofia ya Bawabu. Tuliikata kwa karatasi ngumu za maboksi. Baba alitutazama kwa muda mrefu, kisha akainyooshea kidole ile kofia na kusema, "La."

Nikadhani anataka maji. "La," akasema tena, kwa ukali ambao nilikuwa sijausikia tangu augue. Akainuka mwenyewe. Akaenda stoo akijishika ukutani, akarudi analiburuta sanduku lake la zana kwa mkono wa kushoto, chuma kikikwaruza sakafu yote.

Ilituchukua wiki mbili. Mimi nilishika bati, yeye alikata kwa mkasi, kwa mkono ambao haukuwahi kukata kitu maisha yake. Alijikata mara mbili, na mara zote mbili alinisukuma nilipotaka kumnyang'anya mkasi. Kofia ilipokamilika ilikuwa nzito, ina kingo zilizokunjwa vizuri na matundu mawili ya macho, na haikuwa na hata doa la rangi. Akaivaa. Tulikuwa tumeshamchagua mwalimu mmoja wa shule aigize Bawabu. Tukampigia simu kumtaka radhi. Mwenye kofia hakuwa na nia ya kuivua.

Kwa hivyo anayesema nimemtumia Baba, aanze na hapo. Sisi hatukumchagua. Alijichagua.

Tulipiga filamu asubuhi ya Jumamosi, kwenye tao la gofu la jengo la zamani karibu na maji. Jeshi letu lilikuwa wanawake sita wa chama cha kushona, wamejifunga leso viunoni. Walikuja mbio wakipiga kelele, na Baba akateremsha mkuki kwa mkono wa kushoto, taratibu, hadi ncha ikawaelekea. Wakasimama. Wallahi hawakuwa wakiigiza. Fatuma, mmoja wao, alisema baadaye kwamba miguu ilikataa yenyewe.

Mwisho wa filamu Bawabu anavua kofia. Hapo ndipo unapouona uso wa Baba: mdomo uliopinda, jasho, jicho moja limelegea na jingine kali kama la zamani. Nuru hakuzima kamera. Nami sikumwambia azime. Karibu nusu dakika Baba anatutazama tu, anapumua.

Alhamisi tuliipakia mtandaoni. Wengi walituandikia maneno mazuri. Mmoja akasema hizi ni takataka za mikebe, watu wa pwani tubaki na taarab. Huyo nilimcheka. Lakini kuna mwingine aliyeikata ile nusu dakika ya uso, akaiwekea muziki wa kuchekesha, akaisambaza. Hiyo ndiyo iliyotembea. Ilitembea mpaka Shanzu.

Shanzu ndiko anakofanya kazi kaka yangu, Athmani, mkuu wa mapokezi katika hoteli moja. Leo alikuja baada ya adhuhuri, kavaa shati lake la kazi, na shangazi yetu Mwanahamisi, dada yake Baba, alikuwa ameshaketi mkekani na sahani ya kaimati. Athmani alimwamkia shangazi, akambusu Baba mkono, kisha akanigeukia.

"Ifute."

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Mwanakombo, ifute sasa hivi, nikiona. Umemfanya Baba kinyago."

Nikamwambia aliyemfanya kinyago ni yule aliyekata na kuweka muziki, amtafute huyo. Akasema bila mimi huyo asingekuwa na cha kukata. Sauti zikapanda. Nuru, aliyekuja kuchukua betri zake tu, akabaki amesimama mlangoni asijue aingie au aondoke.

"Baba alikuwa mtu wa heshima mji huu," Athmani akasema. "Waache watu wamkumbuke alivyokuwa."

"Hajafa, kaka! Wa kukumbukwa ni aliyekufa. Baba huyu hapa!"

Nililisema kwa kelele, na silijutii. Ila Athmani anajua kuuliza, ndiyo kazi yake. Akashusha sauti.

"Ulimwonyesha kabla ya kuiweka?"

Nikashika birika, nikammiminia chai.

Na hapa lazima niwe mkweli, la sivyo shajara hii haina maana. Sikumwonyesha. Aliijua kofia, aliujua mkuki, alijua tunapiga filamu. Ule uso wa mwisho hakuwahi kuuona. Nilikuwa na siku nne za kumwonyesha, na kila siku nilipata shughuli. Niliogopa atasema "la", nami nilishaupenda sana ule uso kwenye filamu yangu. Niliupenda kama mtengenezaji filamu, si kama binti.

Shangazi akaweka sahani chini. "Nyamazeni nyote wawili. Mwenyewe yuwaketi hapa mwamwona, na hamna hata mmoja aliyemuuliza. Muonyesheni."

Nuru akaleta laptopu, akaiweka juu ya stuli mbele ya Baba. Tukasimama nyuma yake. Dakika kumi na nane. Sijawahi kuona dakika ndefu kama hizo. Baba hakutikisika jeshi lilipokuja. Mkuki uliposhuka, akaguna. Kisha kofia ikavuliwa, na uso wake ukajaa kioo kizima, naye akausogelea mpaka pua karibu iguse.

Tumeondoa vioo vya kujitazamia nyumbani tangu alipougua. Wazo lilikuwa la Athmani, nami nilikubali. Tulidhani ni huruma.

Filamu ikaisha. Baba akagonga stuli kwa kidole. Nuru akaelewa, akaurudisha ule uso. Baba akautazama. Akagonga tena. Mara tatu. Kisha akajigonga kifua na kusema, "Mimi."

"Ndiyo Baba," nikamwambia. "Ni wewe. Nilikosa kukuonyesha kwanza. Nisamehe."

Athmani akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, watu wanakucheka. Huko nje, kwenye masimu, wanakucheka."

Baba akamtazama. Mdomo ukahangaika, koo likapanda na kushuka, na sote tukangoja. Hapo zamani ningelimalizia neno. Leo nimejiuma ulimi.

"Wa..." akasema. "Wa-che-ke."

Wacheke.

Neno hilo halikuwamo katika yale machache. Miaka miwili sijalisikia, wala jingine jipya. Shangazi akapiga kigelegele kimoja kifupi kisha akaficha uso kwenye mtandio.

Nilidhani Athmani atalainika. Hakulainika, alivunjika. Alibaki pale pale magotini na kusema, bila kutazama mtu, kwamba juzi vijana wa kazini walikuwa wamekusanyika kwenye simu wakicheka. Walimwita aje aone. Hawakujua kwamba ni baba yake.

"Nami nikacheka nao," akasema. "Ili wasijue."

Baba akainua mkono wa kushoto, akamwekea kichwani. Athmani akaukubali kwa muda mfupi, kisha akasimama, akapangusa magoti ya suruali, akachukua funguo zake. Mlangoni akaniambia, "Bado nasema uifute. Mimi siwezi kufanya kazi pale na ile kitu iko." Akaenda zake. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

Nampenda kaka yangu. Najua alivyombeba Baba mgongoni kumpeleka hospitali, asisubiri gari. Najua aibu aliyoisema leo ilimgharimu kuliko chochote nilichofanya mimi na kamera. Lakini aibu yake ni ya kule mapokezi, miongoni mwa wale waliocheka, na dawa yake haiko kwangu. Sitamfunika Baba ili mtu mwingine apate raha. Tumemfunika miaka miwili. Tuliondoa vioo, tukajibu salamu zake, tukamgeuza kitini asitazamane na wapita njia wakati wa kula. Tukayaita hayo heshima.

Kosa langu nalichukua. Kuanzia leo, hakuna picha ya Baba itakayotoka nje ya ua huu kabla hajaiona na kusema "ndiyo" kwa mdomo wake, hata kama neno litachukua nusu saa kutoka. Ikibidi kusubiri, nitasubiri.

Lakini kufuta, sifuti. Wenye mchezo wao wakitaka, waniandikie, nitawajibu. Aliyeweka muziki wa kuchekesha aendelee kucheza ngoma yake mwenyewe. Na aliyesema tubaki na taarab, mimi taarab naijua vizuri, namshukuru, na filamu ninatengeneza pia.

Kuna jambo moja sijalisema. Chini ya filamu tuliandika majina yote: langu, la Nuru, ya wanawake sita mmoja mmoja. Palipotakiwa jina la Bawabu niliandika "mzee mmoja wa mtaani". Niliwaambia watu kwamba namlinda. Ukweli ni kwamba nami nilikuwa na aibu yangu, ndogo, iliyojificha vizuri kuliko ya Athmani.

Shangazi amekwenda kuswali, Nuru ameshaondoka na betri zake. Nimekwenda barazani na laptopu, nimechuchumaa mbele ya kiti na kumwonyesha Baba hayo maneno, nikimsomea polepole. Amekunja uso. Nikamuuliza kama niandike jina lake, lote, watu wajue.

Hakuniambia ndiyo. Amehangaika na koo lake, nami nimesubiri, na kilichotoka ni amri, kama zile alizokuwa akitoa karakanani.

"Andika."

Nimeandika. Watakaocheka, wacheke wakimjua:

Bawabu ni Mohamedi Omari Shee, fundi vyuma, wa Jomvu Kuu.