Aliyejifunga Kanga Yangu

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Sindeni tu wazima, mvua tu ndiyo tumenyimwa. Shangazi yako wa Mashewa amejifungua wa kike.

Umeuliza kama mwanamume anaweza kutunga hadithi ya mwanamke ikawa kweli.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitunga mchezo wa kuwaonyesha wageni kutoka Handeni. Akaniuliza nilihamaje. Nikamweleza kwamba niliacha nyuma kaburi la mwanangu wa kwanza. Alinisikiliza kwa huruma, wallahi, akataka niyaseme mwenyewe mchezoni. Lakini siku ya mchezo baba mkwe wangu alikaa mbele kabisa, na mke wa mtu hapazi sauti mbele ya mkwe wake.

"Usijali, dada," mwalimu akasema, "nitakusemea."

Akajifunga kanga yangu, akahama akiimba. Watu walicheka hadi machozi. Kaburi hakulitaja. Nilipomuuliza, alisema lingewaharibia wageni siku yao, na mchezo ni mchezo tu.

Mchezo ule ulichezwa mpaka Korogwe. Sasa nikimsimulia baba yako habari za kaka yake, ananikatiza: "Lakini mama, wewe si ulihama ukiimba? Kila mtu anajua."

Kwa hiyo anaweza, mjukuu wangu. Anaweza mpaka mwenyewe ukaonekana mwongo.

Andika wewe, ingawa sidhani watakuamini. Mtoto aliitwa Shabani.

Bibi yako